Siku Nilipopokewa Kitui Kama Mhubiri

Wale waliokuwepo siku hiyo wameisimulia hii habari kwa harusi, kwa matanga na hata kwenye foleni ya benki, na kila mara inarudi kwangu ikiwa imenona zaidi (juzi nimesikia ati nilibatiza watu wawili, na huo ni uongo mtupu, sikumgusa mtu), kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe, na aibu yake yote, mcheke mara moja tuachane nayo.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa rubani msaidizi katika shirika moja la ndege la Nairobi, ndege kubwa za jeti, mistari mitatu ya dhahabu begani na kofia yenye nembo. Mkuu wetu wa marubani alikuwa Kapteni Mulwa, mtu wa maneno machache, masharubu yamenyooka kama yamekatwa kwa rula, na yeye ndiye alikuwa amebandika tangazo pale ofisini kwamba siku ya mapumziko ni ya mapumziko. Rubani haruhusiwi kwenda kurusha ndege za watu wengine bila barua yenye sahihi yake, kwa sababu mwili ukichoka haujui umechoshwa na ndege ya nani. Tulilisoma tangazo wote. Halafu siku ya mapumziko ikifika, nusu yetu tulikuwa angani.

Mimi nilimrushia Gideon, jamaa tuliyesoma naye, ambaye alikuwa na vindege viwili vya viti vinne, vya kukodisha. Sitawadanganya ati ilikuwa ni shida tu. Nilikuwa najenga, ndiyo, lakini ukweli ni kwamba nilipenda. Ndege kubwa unaisimamia kama mtu anayesimamia ofisi, lakini kile kidogo unakivaa kama shati, unasikia kila upepo, unaona mbuzi wa mtu na nguo alizoanika.

Sasa, mwezi uliotangulia nilikuwa nimempeleka fundi wa mitambo ya maji kule Kibwezi, nimevaa kaptura na shati la kawaida, na karani aliyekuja kutupokea akaniangalia kutoka juu mpaka chini akasema, "Wewe dereva, saidia hapa na hizi paipu." Nikasaidia. Mimi, mtu wa jeti, nilibeba paipu mpaka kwa trekta, na zilipoisha akaniambia, "Sasa kaa pale kivulini tukimaliza tutakuita." Hiyo kitu ilinikaa rohoni kama mfupa wa samaki.

Kwa hivyo Gideon aliponiambia Jumapili kuna mhubiri wa kupelekwa Kitui kufungua kanisa jipya, kwenda asubuhi na kurudi jioni, nikafanya uamuzi mmoja mdogo, mdogo kabisa, ambao mpaka leo sijamaliza kuulipia: nilivaa yunifomu ya kampuni. Yote. Mpaka kofia.

Mke wangu Mwikali alikuwa anamwaga maji ya vyombo nje, akasimama na karai mkononi.

"Baba Mutheu, si ulisema unaenda kubeba mhubiri tu? Haya mapambo ni ya nini?"

"Ni kumheshimu mtumishi wa Mungu."

"Na mwingine ni nani anaheshimiwa?"

Nikajifanya sijasikia. (Kitui ndiko nilisomea sekondari, na kule kuna watu waliokuwa wananiita Kimanzi Kimbaombao kwa vile nilikuwa mrefu na mwembamba kama ufito. Nilitaka wanione. Basi, nimesema.) Kuhusu Kapteni Mulwa sikuwa na wasiwasi. Nilijua ni mtu wa Kitui, lakini siku mbili kabla nilikuwa nimeichungulia ratiba kama mwizi anayechungulia dirisha, nikaona ameandikiwa safari ya Bombay. Nikasema, akiwa Bombay, Kitui ni yangu.

Mhubiri nilimkuta uwanjani akingoja. Mchungaji Nzioka alikuwa maarufu Ukambani kote, lakini maarufu kwa kanda za kaseti. Watu walimjua kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa nzito, ya kutikisa mabati, ukiisikia unamwona mtu wa futi sita na nusu. Kumbe alikuwa mzee mdogo, mfupi, amevaa sweta la kijivu la kufunga vifungo na viatu vya raba, na mkoba wa plastiki mkononi. Hajawahi kupanda ndege. Nilimfunga mkanda akaniuliza, "Kijana wangu, hii inatingishika?" Nikamwambia kidogo tu.

Tuliondoka saa tatu na nusu, na tungeondoka mapema zaidi kama sikupoteza muda nikipangusa kofia, maana saa hizo jua limeshaanza kupasha ardhi joto na hewa ya juu ya Yatta inachemka kama muthokoi kwenye sufuria. Tulirushwa, tukaangushwa, tukarushwa tena. Mchungaji alianza kwa kuimba, halafu akanyamaza, halafu akaufungua ule mkoba wake wa plastiki na kuutumia kwa kazi nyingine. Mpaka tunatua Kitui sweta lilikuwa limelowa mbele na uso wake umekuwa wa kijivu kama sweta lenyewe.

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Kwaya ya akina mama imejipanga, vitambaa vyeupe kichwani, ngoma, pikapu imefungwa matawi. Nikazima injini.

"Nipe dakika, kijana wangu," Mchungaji akasema akiwa amefumba macho. "Miguu bado iko huko juu. Tangulia uwasalimie."

Nikatangulia. Nikafungua mlango wangu, nikashuka, nikanyoosha koti, nikavaa kofia.

Vigelegele vilivyotoka hapo sijawahi kuvisikia tena maishani mwangu. Kwaya ikapasuka, ngoma zikaanza, na mama mmoja mnene mwenye sauti ya filimbi (baadaye nilijua anaitwa Mama Kavata, kiongozi wa kwaya) akanikimbilia na shada la maua mekundu, akanivisha shingoni, akashika mikono yangu miwili.

"Mtumishi wa Mungu! Karibu Kitui! Tumekusikia miaka mingi, leo tumekuona!"

"Mama, mimi si..."

"Si kitu, tunajua, si sisi ni Bwana! Oneni unyenyekevu, jamani!"

"Amina!" wakasema wote.

Sasa hapo ndugu zangu nataka niwe mkweli. Ningeweza kupaza sauti. Nina sauti, na Kiswahili najua, hata Kikamba najua, ni lugha ya mama yangu. Lakini nilikuwa nimebeba paipu Kibwezi mwezi mmoja tu uliopita, na hapa nina maua shingoni na watu mia wananiimbia, na nikajiambia nitasema, lakini si hapa kwa kelele, nitamwambia mchungaji wa pale kwa upole tukifika. Kabla sijamaliza kujiambia hivyo, walikuwa wameshanipandisha kwa pikapu, mbele, katikati ya dereva na mzee mmoja wa kanisa, na kwaya yote nyuma. Nilipogeuka kutazama ndege niliona watu wawili wakimsaidia Mchungaji Nzioka kushuka, mmoja akampa soda, na nikasikia kwa masikio yangu akimwambia, "Mzee, wewe kaa hapa uchunge ndege, chakula utaletewa."

Pikapu ikang'oka.

Nilimwambia dereva, "Ndugu, kuna makosa, kuna mtu amebaki." Akasema, "Amina, hakuna atakayebaki!" akaongeza mwendo.

Kanisa lilikuwa jipya kweli, mabati yanang'aa, harufu ya rangi, watu wamejaa mpaka madirishani. Nilifikiri nitamwona mchungaji wa pale mlangoni, lakini mlangoni kulikuwa na safu mbili za watoto wa shule ya Jumapili wakipunga matawi, na ukiingia kwenye ile njia huwezi kurudi nyuma, unasukumwa tu kama maji kwenye mfereji, na mfereji wenyewe uliishia jukwaani, kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa cha kufuma. Nikaketi. Nikavua kofia, nikaiweka magotini. Nikainua macho.

Safu ya mbele, kiti cha tatu, suti ya kahawia, masharubu ya rula.

Hakuwa Bombay. Baadaye nilisikia alikuwa amebadilishana safari na mwenzake kwa sababu ya sherehe hii, maana yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Lakini wakati huo sikuwa nafikiria sababu. Nilikuwa nafikiria dirisha. Kapteni alinitazama. Akatazama mistari begani. Akatazama nembo ya kampuni kwenye kofia. Akatazama maua. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniogopesha zaidi.

Mchungaji wa pale akasimama kwa furaha akasema, "Sasa namkaribisha mwenyekiti wetu, Mzee Mulwa, atujulishe mgeni wetu."

Kapteni akapanda jukwaani polepole, akashika maikrofoni.

"Wapendwa," akasema, "huyu mtu ninamjua."

"Amina!"

"Ninamjua vizuri sana."

"Amina!"

"Mwezi uliopita tumeketi pamoja, bega kwa bega, kutoka Nairobi mpaka London."

"Haleluya!"

"Lakini kuhubiri," akanigeukia, "sijawahi kumsikia. Nami natamani kusikia. Kimanzi, njoo hapa. Waambie watu wa Mungu wewe ni nani, na ni nini kimekuleta Kitui siku yako ya mapumziko."

Akanipa maikrofoni. Kanisa likanyamaza, mtoto mmoja tu nyuma alikuwa analia, nami nikamwonea wivu.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Mimi... mimi si mhubiri. Mimi ni dereva tu. Mhubiri nimemleta. Lakini nimemwacha kwa ndege. Ni yule mzee mmempa soda."

Bibi kizee mmoja upande wa akina mama akapiga kofi pajani, "Aiya! Mmemwacha mtumishi wa Mungu achunge ndege!" na kanisa likaanguka. Watu walicheka wakilia. Mzee wa kanisa tuliyekaa naye kwa pikapu alikuwa ameshika mgongo wa kiti asidondoke. Mchungaji wa pale alificha uso ndani ya kitabu cha nyimbo na mabega yakawa yanaruka. Mama Kavata peke yake hakucheka. Alikuja mpaka jukwaani, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mtoto aliyejikojolea, akainua mikono akanivua lile shada, akalipanguza majani yaliyokunjika, akasema, "Samahani kidogo, hili lina mwenyewe," na kwaya ikarudi kwa pikapu kuanza mapokezi upya.

Nilikaa pale dakika ishirini nikingoja. Hakuna aliyeniambia niondoke kwenye kile kiti na sikujua niende wapi.

Mchungaji Nzioka alipofika waliweka kreti la soda nyuma ya mimbari apande juu yake, akafungua mdomo, na ile sauti ya kaseti ikatoka, watu wakapiga mayowe ya furaha kwa sababu sasa walikuwa na hakika. Alihubiri saa nzima bila karatasi. Na kabla ya kuanza alisema, "Msimcheke sana huyu kijana. Mimi leo nimepata heshima ambayo sijawahi kupewa. Nimehubiri miaka thelathini, hakuna aliyewahi kuniamini na ndege." Wakacheka tena, lakini safari hii na mimi nilicheka kidogo.

Chakula kilipoisha, Kapteni Mulwa aliniita kwa kidole nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji.

"Kesho una safari?"

"Ndiyo, Kapteni. Saa kumi na mbili asubuhi."

"Leo umeamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Barua ya ruhusa iko wapi?"

"Hakuna, Kapteni."

"Umerusha nje hivi mara ngapi?"

Nilifikiria kupunguza. Nikamtazama. Nikasema, "Nyingi." Akatikisa kichwa, na sikuona hasira, niliona kama amechoka. "Ungeniomba," akasema. "Unajua wangapi wameniomba? Wawili. Na wote niliwatilia sahihi." Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. "Rudi Nairobi kabla jua halijashuka. Kesho hurushi."

Watu wakatusindikiza mpaka uwanjani, kanisa zima, na zawadi za Mchungaji: maembe, asali, kuku wanne, mbuzi dume mmoja. Nikaingia, nikageuza ufunguo. Kimya. Nikageuza tena. Hata kikohozi hakuna. Nikatazama chini nikaona swichi kuu ya umeme, ile ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza anafundishwa kuizima, iko juu, imewaka tangu asubuhi. Kwa haraka ya kushuka nikaonekane, nilikuwa nimeisahau. Betri imekufa.

"Nilisikia ikilia mmm, mmm," Mchungaji Nzioka akasema, "na taa nyekundu inawaka inazima. Nikafikiri inapumua."

Kapteni Mulwa alisimama pale kwa muda, mikono nyuma. Saa ilikuwa kumi na nusu, uwanja hauna taa hata moja, na Mchungaji anangojwa Nairobi. Halafu akavua koti akampa mkewe, akakunja mikono ya shati, akalegeza tai.

"Weka mawe kwa magurudumu. Kimanzi, shika breki usiachilie hata ukiitwa mbinguni. Akina mama, rudini nyuma, nyuma kabisa."

Akaishika propela kwa mikono miwili kama mtu aliyezaliwa nayo, akaivuta chini, akaruka nyuma. Haikushika. Akaivuta tena. Ya tatu injini ikakohoa, ikatema moshi, ikawaka, na Kitui ikashangilia kuliko ilivyonishangilia mimi asubuhi. Kapteni alikuwa anahema, shati limetoka kwa suruali, na chini ya yale masharubu kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona ofisini. Alikuwa anatabasamu.

Akazunguka kwa nyuma mpaka mlango wangu, akaufungua. "Funga breki, kisha uende nyuma."

"Kapteni?"

"Kesho safari yako naenda kuirusha mimi, kwa hivyo leo lazima nilale Nairobi mapema. Na wewe umechoka, siwezi kukuachia huyu mzee. Nyuma."

Akapima mzigo kwa macho, akahesabu kwa vidole, akamwambia mchungaji wa pale, "Mbuzi atabaki, Kimanzi ataenda. Ingawa nimefikiria sana kubadilisha."

Basi nilirudi Nairobi nikiwa kiti cha nyuma, yunifomu ya shirika la ndege, katoni ya maembe miguuni na kapu la kuku magotini, na nikiwaambia ile hewa bado ilikuwa inachemka mtanielewa kwamba kuku nao walikuwa na matumbo. Mbele wale wazee wawili walikuwa wanaongea kama wamesoma darasa moja. Kapteni akimwonyesha Mchungaji mto Athi kule chini, akikiinamisha kindege kidogo kushoto aone vizuri, na mara moja nilimsikia akijisemea, "Miaka kumi na minne, jamani. Miaka kumi na minne sijashika kitu kama hiki." Hakugeuka kunitazama hata mara moja, na sikumlaumu.

Jumatatu aliirusha safari yangu. Jumanne niliitwa ofisini kwa mkubwa wa shughuli zote, na mezani kulikuwa na barua mbili kwa mwandiko wa Kapteni Mulwa. Ya kwanza ilikuwa yangu, nayo ilikuwa fupi na ya haki, haikuongeza hata neno. Ya pili ilikuwa ya kwake mwenyewe. Ameandika kwamba Jumapili hiyo, siku yake ya mapumziko, bila ruhusa ya maandishi, alirusha ndege isiyo ya kampuni kutoka Kitui mpaka Nairobi, na anangoja uamuzi.

Yeye alipewa onyo. Mimi niliwekwa chini mwezi mmoja nikipanga mafaili, na ukapteni wangu ukasogea mbele mwaka mzima. Mwikali alipoifua ile suruali hakuniuliza kitu, aliinusa tu, akanitazama, akaenda kuongeza sabuni.

Kucheka kwa kanisa nilishakuzoea, hata nakupenda siku hizi. Kile kinachonifanya nigeuze uso ukutani mpaka leo ni ile barua ya pili, kwa sababu hakuna aliyemwuliza, na hakungoja aulizwe. Mimi niliulizwa na maikrofoni mdomoni. Niliapa mwezi huo, nikipanga mafaili, na kiapo hicho nimekishika mpaka nikastaafu: mtu akiniita jina lisilo langu, hata likiwa la heshima namna gani, namkatiza kabla hajafunga mdomo.